Kabla ya Seti ya Kikorea, Niambie Umekuwa Ukipaka Nini

Mteja akiingia dukani na kuomba seti ya Kikorea, sianzi na bei. Namwomba asogee mlangoni kwenye mwanga, namtazama mashavu, paji la uso na pembe za mdomo, kisha namuuliza: umekuwa ukipaka nini? Wengi hujibu kwamba ni mafuta ya kawaida tu. Narudia swali polepole, kwa sababu ngozi imeshanijibu. Hapo ndipo mkoba hufunguliwa, na kikopo kidogo cheupe kisicho na jina hutolewa. Aliuziwa sokoni, au aliletewa na rafiki kutoka Nairobi.

Wapo wanaosema utaratibu wa Kikorea haufai ngozi nyeusi. Wengine husema ni mbwembwe za watu wa mjini. Mimi nauza vitu hivi mjini Wote, na kabla ya kufungua duka niliosha nyuso za watu katika saluni mjini Kitui. Ninachokiona kila siku ni tofauti. Ngozi zetu hazina ugomvi na vitu vya Wakorea. Utaratibu huo unaharibikia njiani: kwenye krimu iliyoutangulia, kwenye mtungi wa maji, chini ya bati la moto, na kwenye pesa zinazokatika kabla ya chupa ya pili.

Kwa asiyeujua, utaratibu huu ulisambaa duniani ukiwa na hatua 10. Charlotte Cho, Mmarekani mwenye asili ya Korea aliyeandika kitabu juu yake mwaka 2015, ni mmoja wa walioutangaza sana. Usiku unaanza na mafuta ya kuondoa vipodozi, kisha sabuni laini ya povu. Mara mojamoja unasugua ngozi iliyokufa. Inafuata tona, esensi, seramu, barakoa ya karatasi, krimu ya macho na krimu ya kulainisha. Asubuhi unamaliza na sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua. Huko Korea kwenyewe wengi wameshapunguza hatua hizo. Kwetu bado zinafika zote kumi, kwa simu. Msichana wa chuo kikuu cha SEKU pale Kwa Vonza huja na picha ya chupa saba na kutaka zote saba. Bi harusi huja miezi miwili kabla ya harusi. Mwalimu huja mshahara ukiingia. Wote wanataka uso laini unaong'aa walioutazama usiku kucha kwenye video.

Nikimtazama mlangoni, mara nyingi ninayoyaona ni haya. Mashavu yamekuwa na wekundu ambao mtu mweusi hapaswi kuwa nao. Mishipa midogo inaonekana. Vinyweleo vimeota pembeni, na vipele vidogo vya kufanana vimezunguka mdomo. Vifundo vya vidole vimebaki vyeusi huku mikono imegeuka rangi. Huyo amepaka steroidi, klobetasoli au betamethasoni. Hizo ni dawa ambazo daktari huandika kwa ukurutu mkali na kwa muda mfupi, na kwenye uso huziogopa. Kikopo hakisemi hivyo. Kikopo hakisemi lolote.

Steroidi hudanganya vizuri sana. Wiki ya kwanza chunusi hunywea, madoa hufifia, na mteja hurudi kumshukuru aliyemuuzia. Miezi inapopita ngozi inakuwa nyembamba na inaizoea dawa. Akiikosa siku mbili, uso unawaka na vipele vinatoka kuliko mwanzo, kwa hiyo anarudia kikopo ili apate nafuu. Akiwa katika hali hiyo ndipo anapoona video ya Wakorea na kuamua kuanza upya. Ananunua seramu ya vitamini C, asidi ya kusugua na retinoli kwa siku moja, kisha anavipaka vyote juu ya ngozi ambayo kinga yake ya juu imekwisha.

Mwalimu mmoja wa upande wa Kibwezi alifika dukani amejitanda leso hadi machoni. Seti nzima aliagiziwa na rafiki yake. Hata maji matupu yalikuwa yanamwasha. Alitaka nimuuzie kitu cha kutuliza, nami nilikataa pesa yake. "Mwalimu," nikamwambia, "leo usipake kitu chochote ila vaselini, na kesho nenda hospitali ukiwa na vikopo vyote ulivyotumia, hata kile kisicho na jina." Alikasirika, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa amelipa nauli akitarajia kurudi na dawa. Lakini alikwenda. Daktari alimwondoa kwenye steroidi kidogo kidogo, na ilichukua miezi. Seti ya Kikorea aliilaumu yeye na marafiki zake wote. Kikopo hakuna aliyekilaumu.

Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, hidrokwinoni na homoni tangu mwaka 1998. Mwaka 2023 nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako zebaki ya kiwandani iliua na kulemaza watu, zilikubaliana vipodozi vilivyotiwa zebaki vikome kufikia 2025. Sheria ipo. Vikopo navyo vipo, soko hadi soko, kwa sababu havina lebo ya kukaguliwa na havipangwi kwenye rafu. Hutolewa chini ya meza mteja akiuliza kwa sauti ya chini. Mkaguzi akipita mchana, anaiona meza safi.

Jambo la pili ambalo mtu wa mbali halioni ni maji. Kuosha uso mara mbili kila usiku, kwanza kwa mafuta na kisha kwa povu, kulibuniwa mahali ambapo bomba la nyumbani halikauki. Kwetu, miezi ya kiangazi kabla ya mvua za vuli, familia nyingi za Mutomo, Ikutha, Kathonzweni na Mtito Andei hununua maji kwa mtungi wa lita 20, yakiletwa na punda au bodaboda. Mabwawa ya mchanga ambayo shirika la SASOL na wanakijiji wamejenga kwa mamia huko Kitui tangu miaka ya 1990 yameokoa watu wengi. Hata hivyo maji hayo huchimbuliwa mchangani, huchotwa kwa kata na kubebwa hadi nyumbani. Mama aliyeyabeba hawezi kumruhusu bintiye amalize jagi mbili kwa uso mmoja, na ana haki.

Tena kuna chumvi. Visima vingi vilivyochimbwa katika maeneo haya hutoa maji ya chumvi, au maji mazito yenye madini ambayo sabuni haitoi povu ndani yake. Inabaki utando mweupe kwenye beseni, na utando huohuo unabaki usoni. Sabuni ya kipande, ambayo nyumba nyingi huitumia kwa nguo, vyombo na mwili, ina pH ya 9 hadi 10, ilhali ngozi yenye afya iko karibu na 5. Uso ukioshwa hivyo unakaza, na mteja anachukulia kukaza kuwa ndiyo usafi. Akipaka seramu juu yake inamchoma, naye anasema seramu ni kali.

Kwa hiyo ushauri wangu hutegemea mteja anakaa wapi. Aliye na bomba mjini namwambia jambo moja. Anayenunua mtungi namwambia jingine: tenga jagi moja ya maji ya mvua au maji matamu kwa ajili ya uso, osha usiku tu kwa sabuni laini, na asubuhi pangusa kwa kitambaa safi cha pamba kilicholoweshwa. Kama hukupaka vipodozi wala sanskrini nzito, hatua ya mafuta iache. Hakuna ngozi iliyoharibika kwa kukosa hatua hiyo. Zilizoharibika kwa kusuguliwa mno nimeziona nyingi.

Jua ndilo la tatu, na ndilo kubwa. Mji wa Kitui uko zaidi kidogo ya digrii moja kusini mwa ikweta, juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Seoul iko digrii 37 kaskazini. Jua la mchana wetu si jua la waliotengeneza chupa hizi. Ngozi nyeusi ina kinga yake, na watu wachache kwetu huungua hadi kubabuka. Shida yetu ni madoa. Chunusi moja ikipona huacha doa jeusi linalokaa miezi, na kila siku juani hulitia nguvu. Wateja wanaoletwa na madoa ni wengi kuliko wanaoletwa na chunusi zenyewe.

Ukiniuliza hatua moja ya Wakorea yenye thamani kuliko zote, nitakwambia sanskrini. Ndiyo pia inayotumiwa vibaya kuliko zote. Kipimo chake ni mistari miwili kwenye vidole viwili kwa uso na shingo. Chupa ya mililita 50, ukiipaka usoni tu kwa kipimo cha kutosha mara moja kwa siku, hukwisha kwa siku 40 hivi. Anayeshinda nje akirudia mchana, haimalizi wiki tatu. Wateja wangu hukaa nayo miezi sita. Wanapaka tone, wanalieneza uso mzima, kisha wananiambia haifanyi kazi. Siwezi kuwakemea, kwa sababu chupa nzuri inaweza kuzidi Sh1,500, na kwa mtu wa kibarua cha shambani hiyo ni kazi ya siku kadhaa.

Kuna lingine ambalo lebo haitaji. Sanskrini za zinki na titani huacha weupe wa majivu kwenye nyuso zetu, ndiyo maana wateja hupenda za Kikorea zinazopotea kabisa zikipakwa. Lakini mabaka meusi ya mashavuni, yale yanayowapata hasa akina mama wakiwa wajawazito au wanapotumia dawa za kupanga uzazi, huchochewa pia na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho. Mwanga huo hupita kwenye krimu isiyo na rangi. Unaozuiwa ni ule unaokutana na sanskrini yenye rangi ya oksidi za chuma, na rangi nyingi zinazoletwa kwetu huishia kabla hazijafikia weusi wa ngozi zetu. Mwaka 2024 kampuni ya TIRTIR ya Korea iliongeza rangi za poda yake ya maji hadi 30, baada ya mtengeneza video za urembo wa Marekani, Darcei Giles, kuonyesha hadharani kwamba hakuna iliyomfaa. Hilo ni jambo jema. Katika maduka ya Ukambani rangi hizo nyeusi bado ni za kuagiza, na mteja hulipa kabla ya kujua kama itamkaa.

Wala jina la Korea peke yake si dhamana. Desemba 2020, sanskrini ya kampuni ya Purito iliyoandikwa SPF 50 na zaidi ilipimwa katika maabara za Ulaya ikapatikana takribani 19, nayo ikaondolewa sokoni. Iliyopatikana na dosari hiyo ilikuwa bidhaa halisi, wala si bandia. Mteja akinishikia lebo machoni na kuniambia "imeandikwa hapa", namkumbusha kisa hicho, na namuuzia na kofia.

Sanskrini inaweza kutengenezwa kwa ajili ya jua letu. Mjini Moshi, kituo cha mafunzo ya ngozi kilicho katika hospitali ya KCMC, ambacho tangu mwaka 1992 kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, kilianza kutengeneza sanskrini ya Kilisun kwa ajili ya wenye ualbino. Hapa Kenya, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu husambaza sanskrini kwa wenye ualbino kupitia hospitali. Kwao hicho si kipodozi, ni kinga ya saratani. Mzazi wa mtoto mwenye ualbino akija kwangu kununua, kwanza namuuliza kama amemsajili mtoto kwa Baraza hilo. Wapo wanaotoa pesa za chakula dukani kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ipo ya bure.

La nne ni joto. Mizigo yangu hutoka Nairobi kwa basi au matatu, na husafiri kwenye buti au juu ya kabini pamoja na vifaranga na mabomba. Ikifika Emali saa saba mchana, inaweza kukaa kwenye ofisi ya vifurushi ya mabati hadi jioni. Chupa zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 30. Seramu ya vitamini C hufika ikiwa imegeuka rangi ya chai kavu, maana yake imeshaharibika. Sanskrini hufika maji yake yamejitenga na mafuta. Siku hizi naagiza isafirishwe usiku, naifungua mbele ya aliyeileta, na iliyobadilika nairudisha. Muuzaji aliye na kibanda cha mabati pembeni mwa barabara ya Mombasa hana uwezo huo. Anaanika chupa juani ili wapita njia waone rangi zake, na akinunua mteja, amenunua chupa iliyopikwa.

Tarehe nazo zinatesa watu. Chupa za Korea huandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Nyingine huandika tarehe ya kutengenezwa tu. Nimeletewa krimu nzima ikitupwa kwa sababu mtu alidhani imekwisha muda, na nimeletewa iliyokwisha ikitetewa kuwa mpya. Tazama pia mchoro mdogo wa kopo lililo wazi: namba iliyo ndani yake, 6M au 12M, ni miezi ya kutumia baada ya kufungua. Bidhaa iliyoingia nchini kihalali inapaswa kuwa na stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na namba ya stika unaweza kuituma kwa 20023 ili uhakikishe. Wateja wengi hawajawahi kufanya hivyo. Nawafundisha hapohapo mezani, kwa simu zao wenyewe.

Bidhaa bandia haziishii kwenye chupa. Kuna biashara ya kupimiwa. Mtu ananunua chupa kubwa, anaigawa kwenye vichupa vya mililita 10, anauza kwa Sh200. Naelewa kwa nini inapendwa, kwa kuwa tunanunua hata mafuta ya kupikia na unga kwa kupimiwa. Lakini kichupa hakina tarehe, hakina namba ya toleo, na kimeoshwa kwa maji yaleyale ya kisima. Mwenye kupima akiishiwa, ni rahisi kuongeza kitu. Msichana mmoja wa chuo aliniletea kichupa cha ute wa konokono alichonunulia bwenini. Ute halisi huvutika ukiutenganisha kwa vidole. Ule wake ulikuwa maji yenye harufu ya waridi, na uso wake ulikuwa umeanza kubadilika rangi kwa kasi ambayo konokono hana uwezo nayo. Kile kikopo cha steroidi kilikuwa kimeingia kwa mlango mwingine.

Pesa ni jambo la tano. Mkopo wa masomo wa HELB ukiingia, wanafunzi hununua hatua saba. Mwezi unaofuata zimebaki nne, na zinazokwisha kwanza ni sabuni na sanskrini, kwa sababu ndizo zinazotumika nyingi. Zinazobaki ni asidi na seramu kali, ambazo hutumika kwa matone. Kwa hiyo mtu anaendelea kupaka asidi usiku na kutembea juani mchana bila kinga, na madoa yanazidi kuliko kabla hajaanza. Hili nimeliona mara nyingi sana hata sasa siuzi asidi kwa mtu asiye na sanskrini. Nikikataa, huenda akanunua kwa jirani. Afadhali jirani aipate faida hiyo.

Wengine hukata tamaa na kurudi jikoni na shambani, wakiamini cha asili hakidhuru. Ndimu na asali ndiyo dawa inayosifiwa zaidi. Asali ya Mwingi ni nzuri na haina neno. Ndimu ukiipaka na kutoka juani inaunguza, na alama yake nyeusi hukaa wiki nyingi. Msimu wa maembe Makueni, wachumaji na wapangaji huja na michirizi na mabaka kuzunguka mdomo na kwenye mikono. Utomvu wa kikonyo cha embe unachoma ngozi. Hawa hudhani ni chunusi au fangasi, wakapaka kikopo cheupe. Wanachohitaji ni mikono mirefu, kuosha utomvu mara moja, na kula embe lililomenywa. Kiluma, ule mshubiri unaoota porini kwetu, ute wake wa ndani hutuliza, lakini maji yake ya manjano yanawasha. Ukikata jani, lisimamishe kwanza mpaka manjano yatoke yote.

Na ndengu, zao letu la Kitui na Makueni, lina historia ambayo wateja hawaamini nikiwaeleza. Korea ya zamani, kabla ya sabuni za dukani, watu waliosha nyuso kwa unga laini wa ndengu na mbegu nyingine za jamii ya kunde, na hadi leo kuna kampuni za Korea zinazouza sabuni ya uso iliyotengenezwa kwa ndengu. Tunalima, tunauza kwa gunia, kisha tunanunua povu lake kwa chupa. Walio na subira nawaambia wasage laini sana na kuchekecha kwa kitambaa, kwa sababu unga wa posho mill una chenga zinazokwaruza. Huwa napenda kuona uso wa mama wa shambani akisikia kwamba mazao yake yana heshima hiyo.

Wanaume nao wapo, ingawa huja jioni watu wakipungua. Vijana wa bodaboda wanashinda juani na kwenye vumbi la barabara za murram, wakitoka jasho chini ya helmeti ambayo hupokezana na abiria. Paji la uso limejaa vipele, na kidevu kina vinundu vya wembe. Wengi hupaka mafuta mazito ya nywele yanayoshuka hadi usoni. Kwamba mafuta ya nywele huleta chunusi za paji la uso, madaktari wa Marekani waliandika tangu mwaka 1970. Kijana mmoja nilimwambia afue kitambaa cha ndani ya helmeti, ahamishe mafuta mbali na paji, na aoshe uso akifika nyumbani. Hakununua kitu kwangu zaidi ya sabuni. Paji lake lilitulia, na tangu hapo huniletea wenzake.

Pamoja na haya yote, sisemi tuwaache Wakorea. Wameleta jambo ambalo tulikuwa tumelipoteza: kwamba ngozi hulindwa, haiadhibiwi. Tulilelewa kusugua uso kwa dodoki na sabuni ya kipande hadi ulie. Kisha tukakua tukiwinda krimu ya kutubadilisha rangi. Wao wanasema osha taratibu, weka unyevu, ufunike, ukae mbali na jua, na usubiri. Ngozi hujibadilisha kwa mwezi mmoja hivi, ndiyo maana matokeo ya kweli hayasomeki kabla ya wiki 8 hadi 12. Kile kinachobadilisha uso kwa siku tano ndicho cha kuogopa. Hata desturi inayohusishwa nao ya kumalizia usiku kwa safu nyembamba ya vaselini juu ya ngozi yenye unyevu, bibi zetu waliijua kwa jina la kujipaka mafuta baada ya kuoga.

Mama mmoja anayeuza mboga sokoni Wote alikuja akiwa na mabaka ya mashavu na pesa kidogo. Alitaka seramu aliyoisikia kwa wateja wake. "Mwaitu," yaani mama, nikamwambia, "hiyo haitakufaa ukishinda juani tangu alfajiri." Tulikubaliana mambo matatu. Usiku osha kwa sabuni laini na maji matamu, kisha paka mafuta kabla ngozi haijakauka. Mchana vaa kofia pana na sogeza meza chini ya mwavuli. Pesa zote za vipodozi ziende kwenye sanskrini, ipakwe mashavuni na juu ya mdomo ambako mabaka yapo. Seramu ya niasinamaidi aliiongeza baadaye alipoweza. Mabaka hayakwisha yote, nami sikumwahidi hivyo. Yalififia kiasi kwamba aliacha kujifunika leso akizungumza na watu.

Wateja huniita daktari, nami nawakatalia kila mara. Kazi yangu ni kujua mahali ambapo duka linaishia na hospitali inaanza. Choa iliyopakwa steroidi, doa linalobadilika umbo, kidonda kisichopona, uso unaowaka kwa maji, mtoto mwenye upele unaomwasha usiku: hao wote nawaandikia karatasi waende hospitali, na siwauzii kitu. Wauzaji wenzangu nawaomba wafanye vivyo hivyo, hata siku ambayo mauzo ni mabaya. Wakaguzi nawaomba wasitazame rafu peke yake. Waulize chini ya meza, waulize bwenini, waulize kwenye saluni zinazochanganya krimu zao wenyewe kwa ndoo.

Na wewe unayetaka kuanza, weka orodha ya hatua 10 kando. Leta dukani kila kitu unachopaka sasa, hata kile unachoona haya kukitaja, na ukitaje bila kuficha. Kama kuna kikopo kisicho na jina miongoni mwa hivyo, usikitupe, na usikiache ghafla ukiwa peke yako. Kipeleke hospitali akakione tabibu, akuambie namna ya kutoka. Ukitoka huko ngozi ikiwa imetulia, nunua sabuni laini na sanskrini, uzitumie kwa kipimo chake kwa miezi mitatu. Chupa nyingine zote zinaweza kusubiri.